Jina, Kaniki na Sauti: Hukumu ya Watu katika Wasifu wa Siti binti Saad

Marehemu Shaaban Robert alikuwa na desturi moja ambayo wasomaji wake wameizoea hata hawaioni tena: huwapa watu wa hadithi zake majina yaliyokwisha kutoa hukumu. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, ndugu wawili wamdhulumuo Adili huitwa Hasidi na Mwivu. Na katika Kusadikika, cha 1951, waziri amshtakiye Karama huitwa Majivuno. Msomaji hana haja ya kungoja matendo ya watu hawa. Ameisha ambiwa nani wa kupendwa na nani wa kuchukiwa, na kilichobaki ni kutazama jinsi jina litakavyotimia.

Desturi hii ni ya ngano zetu tangu zamani, nayo ina manufaa yake kwa mafunzo. Lakini yako maisha isiyoweza kuyaeleza, na Shaaban mwenyewe alikutana nayo alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mara ya kwanza 1958. Wanafunzi wengi hukipita kitabu hiki upesi, wakikidhani ni habari nyepesi ya mwimbaji. Kwangu mimi ndicho kitabu chake kinachouliza kwa ukali zaidi kuliko vyote: mtu hupimwa kwa kitu gani kabla hajajulikana?

Mwimbaji huyu alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata 1880, wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa ni Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye, tena kwa kupewa na mtu mwenye cheo. Basi hapa jina halikuwa sura ya tabia kama lilivyo jina la Hasidi; lilikuwa alama ya daraja, nayo ilibandikwa juu ya mtoto kabla hajajua kusema. Shaaban, aliyezoea kuchagua majina ya watu wake, safari hii alilikuta jina limekwisha chaguliwa na mji, na kazi yake ikawa kuandika kinyume cha jina hilo. Ndiyo maana maneno yake katika Wasifu yana jasho lisiloonekana katika ngano zake. Anatetea, na mara nyingine, nakiri, anatetea mno.

Ili kuelewa utetezi huo yafaa tukumbuke Unguja ya siku zile. Sheria ya 1897 iliondoa utumwa katika mahakama, lakini haikuuondoa katika macho ya watu. Daraja ilisomwa mwilini. Mtumwa wa zamani hakuwa na ruhusa ya kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya bwana wake, na nguo yake ilikuwa merikani au kaniki. Baada ya uhuru, wanawake wengi waliharakia kanga, na baadaye buibui, kwa kuwa walijua vema kwamba mtu akipita njiani husalimiwa kwa kadiri ya nguo yake. Binti huyu wa Fumba alitembeza vyungu vya udongo mpaka mjini, na huko mjini akahamia kabisa yapata 1911. Kila aliyemwona alikuwa na hoja zake tayari: amezaliwa na nani, ametoka shamba gani, amejifunga nini.

Alipoanza kutajika, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli ambao wazee wengi wa pwani wanaujua. Si wajibu wangu kuuimba hapa. Yatosha kuangalia hoja yake. Wimbo huo hauulizi kama Siti anaimba vizuri. Unauliza ni lini ameingia katika hesabu ya watu, yeye aliyekuja mjini na kaniki. Kisha unaongeza kwamba bila ya sauti asingalipata hata chakula. Tazama mzaha huu ulivyo na akili mbaya: sauti imekubaliwa, lakini haikuhesabiwa kuwa sehemu ya mtu mwenyewe. Imefanywa kama sarafu aliyoiokota njiani, na mwenye kuiokota amebaki vile vile alivyokuwa. Katika Kiswahili neno “mtu” lina kazi mbili, kumtaja binadamu na kumsifu mwenye hadhi, na kejeli yote imejengwa juu ya mwanya baina ya kazi hizo mbili.

Jibu la Siti ni la ajabu kwa sababu hakukana lolote. Hakudai uzuri wala ukoo. Alijibu kwamba sura na nasaba si hoja, na kwamba hasara ya kweli ni ya aliyekosa akili. Mwimbaji mwenye busara ndogo angalitoa orodha ya vito vyake. Yeye aliivunja mizani.

Hapa ndipo ninapopambana kidogo na Shaaban. Mwandishi anajua jibu hili na analitukuza. Anasifu subira na bidii ya mwanamke huyu, na hakuna shaka juu ya mapenzi yake kwake. Lakini kalamu yake inapotafuta ushahidi wa kumshinda msomaji mkaidi, inakimbilia ushindi: safari ya Bombay ya 1928, sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima, karamu za wakubwa. Yote ni kweli, na ni fahari. Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutia sauti yake katika sahani hawezi kuandikwa pasipo Bombay. Hata hivyo msomaji aliyekuwa akimdharau kwa kaniki anaweza kuyasoma yote hayo na kumheshimu bila ya kubadili kipimo hata kwa unywele mmoja. Kwanza alitazama nguo, sasa anatazama sahani. Jicho ni lile lile. Laiti Siti asingalipata Bombay, Wasifu ungalimtetea kwa kitu gani?

Nyimbo zake zinatoa jibu ambalo wasifu wake haulitoi. Katika “Kijiti” aliimba habari ya mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na uzito wa mahakama ukawaangukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Katika wimbo huo hakuna aliyefaulu, wala hakuna wa kuvutia macho ya wakubwa. Kuna wanawake wanyonge waliohukumiwa kwa namna walivyokuwa, na mwimbaji anayewahesabu kuwa watu. Tunaofundisha Wasifu ingetufaa kuwasikilizisha wanafunzi wimbo huo siku ile ile wanaposoma habari za Bombay, tena kabla hawajazisoma.