Kifungu kwa Kifungu

Tarehe 8 Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alisimama Dodoma kusoma bajeti. Kati ya mengi aliyosema, moja lilihusu ushuru wa mazao: ushuke kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Huku Karagwe na Kyerwa jambo hilo lina sura ya kuonekana kwa macho. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa. Leo mkulima wa Nkwenda akipakia maharage kuyapeleka Omurushaka anavuka kutoka halmashauri moja kuingia nyingine, ingawa babu yake alipita njia hiyohiyo bila kuvuka chochote. Kizuizi kikiwa barabarani, maneno "yasiyozidi tani moja" ndiyo yanayoamua kama atatoa pesa au atapita.

Lakini tamko la waziri si sheria. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi ya aina yoyote haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu ambao sheria hiyo imeutilia nguvu. Ili asilimia 5 igeuke 3 kisheria, maneno yale yalipaswa kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, na kazi ya mafundi hao huwa naitazama kwa heshima kubwa, kwa sababu wengi wao hatujui hata majina yao.

Wa kwanza ni mwandishi wa sheria. Yeye yuko upande wa Serikali, chini ya Mwandishi Mkuu wa Sheria, na mezani kwake kuna vitu viwili: maelekezo ya wizara yaliyokwisha kukubaliwa na Baraza la Mawaziri, na ile sheria ya zamani inayotakiwa kurekebishwa. Kwa ushuru wa mazao, sheria hiyo ni ya Fedha za Serikali za Mitaa, ya mwaka 1982. Mwandishi haandiki kwamba ushuru upunguzwe. Anataja namba ya kifungu, kisha aya, kisha maneno yanayofutwa, kisha maneno yanayowekwa mahali pake. Halafu anaanza upya ukurasa wa kwanza kuona kama maneno aliyoyafuta yametajwa pengine, maana kifungu kimoja kikibadilika na ndugu yake akabaki, sheria itakuwa inajipinga yenyewe. Lazima ajue pia ni nani anayebeba mzigo: katika sheria hiyo ushuru wa mazao unalipwa na mnunuzi. Akikosea hapo, mkulima mwenye kahawa yake ya maganda atajikuta anadaiwa deni la mtu mwingine.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanyika kwa Kiingereza, wakati mjadala wenyewe bungeni ulikuwa kwa Kiswahili. Mbunge alishika karatasi ya lugha moja akasema kwa nyingine, na kila siku alikuwa anafasiri kichwani. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilibadilisha hali hiyo kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa mabadiliko bora kabisa yaliyowahi kutoka Dodoma, kwa sababu sasa mwenye shamba Kayanga anaweza kusoma muswada wenyewe badala ya kungoja kusimuliwa.

Muswada ukiiva unachapishwa katika Gazeti la Serikali. Kusomwa kwa mara ya kwanza ni jambo la muda mfupi sana: Katibu wa Bunge anasoma jina la muswada, basi. Anayetazama kwenye televisheni anaweza kudhani hakuna kilichotokea, kumbe mlango umefunguliwa, na muswada unapelekwa kwenye kamati.

Kamati ndiyo karakana. Miswada ya kodi iko kwa Kamati ya Bajeti, na mingine inagawanywa kufuatana na mada. Humo hamna hotuba za kushangiliwa. Wajumbe wana muswada mkononi na sheria mama pembeni, wadau wanaitwa au wanaandika, na kila hoja inatakiwa iangukie kwenye kifungu. Anayelalamika tu anasikilizwa kwa adabu. Anayesema "kifungu hiki, aya hii, badala ya maneno haya tunapendekeza haya" ndiye anayeacha alama. Wabunge nao wanafungwa na Ibara ya 99: Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kutoza kodi au kuibadilisha mpaka Rais awe amelipendekeza kupitia kwa Waziri. Lakini katiba imeacha mwanya mmoja: "isipokuwa kupunguza". Nimesoma ibara hiyo mara nyingi, na kila mara naistaajabu.

Kusomwa kwa mara ya pili ndiyo sehemu tunayoifahamu. Waziri anawasilisha, mwenyekiti wa kamati anasoma maoni, wabunge wanachangia, waziri anajibu na kutoa hoja, wengine wanasimama na kusema "naafiki". Hapo ndipo sauti zilipo, na magazeti ya kesho yake yanatoka hapo.

Mimi navutiwa zaidi na kinachofuata. Bunge linageuka kuwa Kamati ya Bunge Zima. Spika haitwi tena Spika, anaitwa Mwenyekiti. Katibu anasimama na kuanza kutaja: Ibara ya kwanza. Ibara ya pili. Ibara ya tatu. Isiyo na pingamizi inapita, na Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, inaandika kwamba imepitishwa bila mabadiliko yoyote. Yenye jedwali la marekebisho inasimamishwa. Mwenye jedwali anasoma maneno anayotaka kuyafuta na anayotaka kuyaingiza, anaeleza sababu, Serikali inajibu, wengine wanaruhusiwa kusema kwa ufupi, kisha linaulizwa swali. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Katibu anataja ibara inayofuata kwa sauti ileile.

Nampenda huyo Katibu. Muswada unaweza kuwa na vifungu vingi mno, saa imekwenda, wabunge wameanza kuchoka, naye haruki namba hata moja wala haharakishi. Anayechambua kahawa kwenye turubai huko Isingiro ataielewa kazi yake: punje ni nyingi, zote zinafanana, na iliyooza ukiipita inaharibu gunia. Kumbuka kwamba mahali fulani katikati ya mlolongo huo, mwezi Juni 2017, kilipita kifungu kilichogusa maharage ya Nkwenda. Hotuba za mchana ule zimeshasahaulika, na kifungu kipo.

Kamati ikimaliza, Bunge linarudi katika hali yake. Waziri anatoa taarifa kwamba muswada umepitiwa kifungu kwa kifungu na kukubaliwa, unasomwa mara ya tatu, unapitishwa. Bajeti yenyewe ina utaratibu wake: wabunge wanaitwa mmoja mmoja kwa majina, kila mtu anajibu mbele ya wote. Mwaka ule wa 2017 Karagwe iliwakilishwa na Innocent Bashungwa na Kyerwa na Innocent Bilakwate, wote walioingia bungeni mwaka 2015. Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, kwa hiyo kura ile si ya mapambo.

Hata hapo sheria haijazaliwa. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge, na bila saini ya Rais muswada unabaki muswada. Anaweza kuukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Ukirudishwa kwake tena kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, Ibara ya 97 inampa siku 21: akubali, au alivunje Bunge. Wajenzi wa katiba waliweka uzito huo pande zote mbili makusudi, ili asipatikane wa kuvuta kamba bila kuhatarisha nafasi yake.

Kutunga sheria si kazi pekee ya Bunge. Ibara ya 63 inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kuuliza mawaziri maswali, kujadili mipango na kuridhia mikataba. Ridhaa yake hutakiwa kwingine pia: mapori ya Ibanda na Rumanyika hayakugeuzwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019 kwa amri ya Rais peke yake, kwa sababu Sheria ya Hifadhi za Taifa inadai ridhaa ya Bunge kwanza. Ridhaa ilitolewa kwa azimio, na leo tuna Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Na sheria ikishapita, kuna fundi wa mwisho asiyetajwa kabisa. Halmashauri zinatunga sheria ndogo za kukusanyia ushuru, na Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozipitia: jedwali linawiana na kifungu? Kiwango kimezidi cha sheria mama? Marejeo yanaelekeza kifungu sahihi? Ni usomaji wa kuumiza macho. Sheria ndogo haiwezi kudai zaidi ya sheria iliyoizaa, na anayelinda mpaka huo ni msomaji mvumilivu mwenye kalamu.

Kwa hiyo, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika vya Karagwe na Kyerwa, muswada unaohusu kahawa, ndizi au maharage ukitangazwa na kamati ikaita maoni, msitume malalamiko. Kaeni na muswada, tajeni namba ya kifungu, andikeni maneno mnayotaka yafutwe na mnayotaka yawekwe. Ukurasa mmoja unatosha, mradi ufike Dodoma kabla kamati haijafunga kazi.