Samatta aliuzwa, Ulimwengu akaondoka bure: hesabu ya mkataba inavyofika hadi Masisi na Walikale

Mwaka 2016 TP Mazembe ya Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliagana na washambuliaji wawili Watanzania, kila mmoja kwa njia yake. Mbwana Samatta aliuzwa kwa Genk ya Ubelgiji mwezi Januari, mkataba wake ukiwa umebakiza miezi michache tu. Thomas Ulimwengu alibaki, akaichezea timu hiyo katika mwaka ilipotwaa Kombe la Shirikisho la CAF, mkataba ukamalizika, na mapema 2017 akajiunga na AFC Eskilstuna ya Sweden akiwa mchezaji huru. Klabu ni ileile, rais wake ni yuleyule, Moïse Katumbi, na mwaka ni huohuo. Mmoja aliacha fedha za uhamisho, mwingine hakuacha kitu. Ni rahisi kusema Samatta alikuwa na jina kubwa zaidi, na ni kweli alikuwa nalo. Lakini jina halielezi kwa nini mmoja alikuwa na bei na mwingine hakuwa nayo kabisa. Kinachoeleza ni tarehe iliyoandikwa mwishoni mwa mkataba. Klabu yenye nyota huanza kuamua hatima yake siku inapoitazama tarehe hiyo, na ikichelewa kuitazama, wengine huamua kwa niaba yake.

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine anapoingia miezi sita ya mwisho ya mkataba wake, na klabu aliyopo haiwezi kumzuia. Tuiweke kanuni hiyo mbele ya hali ya Samatta Januari 2016. Alikuwa bingwa wa Afrika, mmoja wa waliofunga katika fainali dhidi ya USM Alger, akiwa na mabao saba katika Ligi ya Mabingwa ya 2015. Mwezi huohuo, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Kwa sifa hizo, klabu ingetarajiwa kuwa na sauti kubwa mezani. Haikuwa nayo. Katumbi alipendelea aende Nantes ya Ufaransa, Samatta alitaka Genk, na Genk ndiko alikokwenda. Laiti mkataba ungekuwa na miaka miwili mbele, Mazembe ingeweza kusema subirini. Kwa miezi ile michache, kila wiki iliyopita iliinufaisha Genk na mchezaji. Kumuuza wakati huo kulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu njia nyingine iliyobaki ilikuwa ile ya Ulimwengu. Kosa lilikuwa limefanyika mapema zaidi, pale mkataba ulipoachwa ukasogea hadi hapo bila kuongezwa wala mchezaji kuuzwa.

Miaka minne baadaye Genk ilifanya hesabu yake vizuri zaidi. Samatta aliipa mabao 23 katika ligi ya msimu wa 2018/19, msimu wa ubingwa wa Ubelgiji, kisha Januari 2020 akauzwa kwa Aston Villa kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5, akiwa na umri wa miaka 27. Ndiyo, Ubelgiji iko karibu na macho ya wanunuzi wa Uingereza kuliko Lubumbashi, na sehemu ya bei ile imetokana na hilo. Hata hivyo, ukaribu peke yake haumfanyi mtu alipe. Villa ililipa kwa sababu mkataba ulikuwa bado hai na pasipo kulipa isingempata.

Pingamizi zito linatoka kwa wanaosema nyota hubakizwa ili alete vikombe, na vikombe vina fedha. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015 alizawadiwa dola milioni 1.5. Mwaka uliofuata, bila Samatta, Mazembe ilitolewa na Wydad Casablanca kabla ya hatua ya makundi. Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini ichunguzwe pamoja na habari za Trésor Mputu, mshambuliaji wa Mazembe. Mazembe ilimbakiza, akawa mchezaji bora wa 2009 kati ya wanaocheza Afrika, na kombe la mwaka huo likaja Lubumbashi. Mwaka 2010 FIFA ikamfungia kwa mwaka mzima baada ya fujo dhidi ya mwamuzi katika Kombe la Kagame huko Kigali. Bila yeye, Mazembe ilitetea taji la Afrika, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kikosi kilichojengwa vizuri hustahimili pengo la mtu mmoja, hata akiwa ndiye mkubwa kuliko wote. Na anayetaka kikombe bado anahitaji sahihi mpya, maana kuongeza mkataba hakupingani na kuuza. Kuongeza huko ndiko kunakoifanya klabu icheze msimu mwingine na nyota wake bila kupoteza bei yake.

Wengine watauliza kama ni haki kumfunga kijana kwa karatasi. Swali hilo lina uzito zaidi katika besiboli ya Marekani, ambako klabu inaweza kumhamishia mrusha mpira wake jiji jingine bila ridhaa yake, isipokuwa mkataba au miaka yake mingi ya utumishi imlinde, na kwa kawaida hupata uhuru wa kuchagua klabu baada ya miaka sita katika ligi kuu. Detroit Tigers, walipompigia hesabu mrusha mpira wao Tarik Skubal, mshindi wa Cy Young ya 2024, tuzo ya mrusha mpira bora, walihesabu hasa muda uliobaki na dau ambalo lingetolewa. Katika soka, uhamisho hauwezekani bila sahihi ya mchezaji. Kwa hiyo klabu haina budi kumshawishi, na ushawishi wa haki upo: mshahara bora leo, pamoja na kifungu kinachotaja bei ambayo ikifikiwa ataruhusiwa kwenda.

Yote haya yanagusa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, kupitia mgawo wa mshikamano wa FIFA. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka baada ya hapo. Tuchukue mfano wa ada ya dola 400,000. Timu ya Nyabiondo huko Masisi au ya Mubi huko Walikale iliyomlea kijana kutoka miaka 12 hadi 17 ingestahili dola 8,000. Kiongozi wa klabu ya Goma au Lubumbashi akimwacha kijana huyo amalize mkataba na kuondoka bure, mgawo wa uhamisho huo ni sifuri, na timu ya kijijini haitaulizwa neno. Jambo la pili ni kumbukumbu. Malipo hufuata pasipoti ya mchezaji: jina la klabu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, kisha Goma, na Machi wakaingia Walikale-kati. Watoto waliokimbia wanacheza leo hapa, kesho kule, na mwaka usioandikwa popote haumpi mlezi hata faranga moja.

Kwa hiyo viongozi wa timu za Masisi na Walikale wawaandikishe watoto tangu miaka 12, kupitia ligi ya mkoa hadi FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, na nakala za leseni zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja. Nao wa klabu kubwa wakae na nyota wao mkataba ukiwa umebakiza miezi 18 au zaidi: aongeze, au auzwe.