Ufundi wa Kusikiliza Seli Moja

Mtu wa Hombo, mashariki mwa Kongo, akiingia msituni kukagua mitego hashiki ramani. Majani yanaziba jua, vijia vinapotelea vichakani, lakini jioni yuko nyumbani. Kutafuta kilichomo kichwani kinachomrudisha ni kazi ya wataalamu wa ubongo, na kazi yao naistahi kuliko nyingi.

Mmoja wao ni John O'Keefe, aliyezaliwa New York mwaka 1939 kwa wazazi wahamiaji kutoka Ireland. Alipata udaktari McGill, Kanada, mwaka 1967, kisha akaenda University College London. Huko yeye na Jonathan Dostrovsky walipitisha nyaya nyembamba mno hadi kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, wakamwacha panya atembee. Mapigo ya seli moja yakisikika kwenye spika, panya anafika pembeni: tak-tak-tak. Akiondoka, kimya. Mwaka 1971 walitangaza kwamba kati ya seli 76, 8 zilifuata mahali panya alipokuwa. Mwingine angezipuuza hizo 8. O'Keefe aling'ang'ania hapo hapo miaka na miaka.

May-Britt na Edvard Moser wa Norway walikwenda kwake kujifunza kazi mwaka 1996. Mwaka 2005, huko Trondheim, wao na wanafunzi wao wakaeleza seli za sehemu iliyo jirani na hipokampasi zinazopiga kwa mpangilio wa pembe sita, zikiupima uwanja mzima. Tuzo ya Nobel ya 2014 waligawana watatu hao.

Kwamba njia na kumbukumbu zinakaa pamoja, mafundi wa simulizi wa huku kwetu walilitumia mapema. Mwaka 1956, Candi Rureke, Mnyanga wa Walikale, aliimba na kusimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, na baadaye Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakazichapisha. Simulizi hiyo ndefu inakwenda kwa safari: Mwindo anamfuata babake hadi kuzimu, kituo baada ya kituo.

Wito wangu ni kwa walimu wa biolojia wa Masisi na Walikale. Mkifika somo la ubongo, waulizeni kwanza wanafunzi walipitia wapi kuja shuleni. Kisha wafundisheni subira ya kusikiliza seli moja, maana sayansi hii inahitaji watu wanaoujua msitu.