Sikio la Gia

Baiskeli imetundikwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma linaelea hewani. Mkono mmoja unazungusha pedali, mwingine unabonyeza liva ya gia. Anayejifunza hukodolea macho sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoishika cheni. Fundi hutazama kando huku ametega sikio, kwa sababu cheni iliyokaa sawa huvuma mfululizo kama cherehani, na iliyokosea kidogo tu hutatarika: tik, tik, tik.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Kwenye baiskeli ya mbio yenye sproketi 11 nyuma, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni kama milimita 3.7, na ndani ya nafasi hiyo waya mwembamba unapaswa kuivuta direla, ule mkono wenye vigurudumu viwili unaoning'inia chini ya ekseli, na kuisimamisha palepale panapotakiwa.

Zamani sikio hilo alikuwa nalo mwendeshaji mwenyewe. Henri Desgrange, mwasisi wa mbio za baiskeli za Tour de France, alizikataa direla kwa miaka mingi, na ni mwaka 1937 ndipo zilipofunguliwa mlango. Kabla ya hapo mtu alishuka chini ya mlima, akachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie sproketi ya upande wa pili. Hata baada ya ruhusa kazi haikuwa nyepesi. Mwendeshaji Gino Bartali alishinda Tour ya mwaka 1948 kwa mtambo wa gia wa kampuni ya Campagnolo uliomtaka apeleke mkono nyuma ya tandiko, alegeze gurudumu akiwa mwendoni, apige pedali kinyumenyume huku akiisogeza cheni, kisha akaze tena. Yote hayo mlimani!

Baadaye liva zilihamia kwenye bomba la chini la fremu. Hazikuwa na vituo. Mwendeshaji alivuta, akasikiliza, akarudisha kidogo mpaka kelele ikome. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ikaleta liva yenye vituo, kila mlio mmoja gia moja, na mwaka 1990 ikaziunganisha gia na breki ili mikono isiondoke kwenye usukani. Wapo waliosikitika kwamba ufundi umekufa. Haukufa. Ulihama barabarani ukaenda kwenye stendi, maana vituo hivyo ni vya kweli pale tu waya unapovutwa kwa kipimo chake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wakisikia kelele hukimbilia bisibisi na kuchezea skrubu mbili zenye herufi H na L, ilhali hizo ni mipaka tu: H huizuia cheni isidondoke upande wa fremu, L isiingie kwenye spoki. Dawa ya kelele iko kwenye nati ndogo iliyo mwisho wa ganda la waya. Cheni ikisita kupanda sproketi kubwa, nati hulegezwa robo mzunguko ili waya ukazike; ikiwa nzito kushuka, hurudishwa robo. Baada ya kila robo fundi huzungusha pedali na kusikiliza. Na kama sproketi hizi zinanyamaza na zile zinalia, hata nati izungushwe kutwa nzima, yafaa kukitazama kile kipande cha alumini kinachoishika direla. Kuanguka mara moja kwa upande wa kulia kunatosha kukipinda.

Miguu nayo hujifunza. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaume walikimbia kilomita 267.5, wakirudia tena na tena mpando wa mawe wa Kimihurura. Katika mpando kama huo gia hubadilishwa mapema, mguu ukilegezwa kidogo pedali inapozunguka. Anayengoja hadi alemewe huilazimisha cheni kuhama ikiwa imebeba uzito wake wote, nayo humjibu kwa kishindo.

Kwenye stendi, cheni imeshapanda na kushuka sproketi zote bila kutatarika. Fundi anakata waya uliobaki, anauvisha kikofia cha alumini na kukibana kwa koleo ili nyuzi zisichanuke. Bado ataisubiri baiskeli irudi baada ya siku chache, kwani ganda la waya mpya hujibana linapoanza kazi, waya ukalegea, na ile robo ya mzunguko itahitajika tena.