Breka Inashuka Maji Yakianza Kupata Moto

Mashine ya kuoshea vyombo ikizima umeme wa nyumba nzima, fundi mwenye haraka hutoa bisibisi. Fundi anayeijua kazi huuliza kwanza mambo mawili: iliyoshuka ni breka ipi, na mashine ilikuwa imefika wapi.

Breka ndogo ya soketi za jikoni, ya ampia 16 au 20, hushuka mzigo ukizidi au ikipigwa shoti. RCD, yaani breka ya uvujaji, kazi yake ni nyingine. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa laini na unaorudi kwa nyutro. Ukirudi pungufu, kuna mahali unavuja kwenda ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu. Nyingi za majumbani zimeandikwa miliampia 30: uvujaji ukifika hapo lazima ikate, lakini inaruhusiwa kukata kuanzia 15. Miliampia 30 kwa volti 230 hazitoshi hata kuwasha taa ya wati 7 sawasawa. Breka ndogo haiwezi kuhisi kitu kama hicho.

Tuchukue nyumba moja ya ufukweni Dar es Salaam ambako wenyewe walisafiri kwa muda mrefu na mashine ikakaa bila kazi. Waliporudi wakaiwasha. Ikajaza maji, ikaanza kuzungusha, na baada ya dakika chache nyumba ikawa giza. Iliyoshuka ilikuwa RCD. Breka ndogo zote zilibaki juu. Fundi wa kwanza akasema RCD imechoka, kisha akatoa ushauri mbaya kuliko yote: waya wa ethi ukatwe kwenye plagi. Ni kweli, mashine ingeendelea kuosha. Uvujaji nao ungebaki pale pale, ukisubiri mtu mwenye mikono yenye maji aguse mlango wa mashine na sinki la chuma kwa wakati mmoja.

Fundi wa pili alianza na saa. Umeme ukikatika plagi inapochomekwa tu, mtuhumiwa ni waya wa plagi au kichujio cha umeme kilicho mwanzoni mwa mashine. Ukikatika inapoanza kujaza, tazama vali ya maji na koili yake. Wakati wa kumwaga maji machafu, ni pampu ya kutolea. Kama mashine imejaza, imezunguka kidogo, halafu RCD ikashuka, mara nyingi ni hita, kwa sababu huo ndio wakati inapoingizwa kazini.

"Mama, hii mashine ina programu ya kusuuza kwa maji baridi?"

"Ipo, fundi, ila hatuitumiagi."

Wakaiendesha hiyo. Ikamaliza bila tatizo. Wakaweka programu ya maji moto, RCD ikashuka pale pale iliposhukia mwanzo. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na mwenye nyumba anaweza kukifanya kabla hajamwita fundi. Kinaziondolea lawama pampu ya kuzungusha, vali, pampu ya kutolea na waya wa plagi kwa mkupuo mmoja, au walau kinazisogeza mwisho wa foleni.

Hapo ndipo plagi ikachomolewa, paneli ikafunguliwa na nyaya za hita zikatolewa. Kwanza multimita kwenye mlio: ncha moja ya mita kwenye terminali ya hita, nyingine kwenye bomba lake la chuma. Kimya. Wengi hukomea hapa, wakaiandikia hita cheti cha uzima. Lakini mlio huo hulia kwenye ukinzani mdogo tu. Uvujaji wa maelfu ya omu unapita kimya kimya. Ikaletwa mega, mita ya kupima ukinzani mkubwa, ambayo husukuma volti 500 za DC. Hita nzima ingetakiwa kuvuka megaomu 1 bila shida. Hii ilisoma omu 9,000.

Sababu iko ndani ya bomba. Kati ya waya unaopata moto na bomba umeshindiliwa unga wa oksidi ya magnesiamu, unaopitisha joto na kuzuia umeme, mradi uwe mkavu. Unga huo hufyonza unyevu. Muhuri wa kwenye terminali ukipasuka, na hewa yenyewe ikiwa ya pwani, miezi ya kukaa bure inatosha kuulowesha. Hita inayotumika kila siku hujikausha yenyewe, ndiyo maana kasoro hujitokeza watu wakirudi safari.

Omu 9,000 upande wa laini ni miliampia 25 hivi. Peke yake, RCD nyingine ingevumilia. Lakini friji, kompyuta na mashine ya kufulia nazo huvujisha kidogo kupitia vichujio vyao, kila kimoja ndani ya kiwango chake halali, na zote zinahesabiwa na RCD hiyo moja. Kumbe ile iliyoitwa chovu ilikuwa inajumlisha vizuri tu.

Wapo wanaotoa hita na kuikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Husaidia muhuri ukiwa mzima. Huu ulikuwa na ufa unaoonekana kwa macho, kwa hiyo ikanunuliwa hita mpya ya wati zile zile. Kabla ya kuifunga ilipimwa kwa mega, kisha kitufe cha majaribio cha RCD kikabonyezwa kuhakikisha bado inakata. Programu ya nyuzi 65 ikaendeshwa hadi mwisho, friji na mashine ya kufulia zikiwa zimewashwa kwa makusudi.