Mkwaju wa Redioni na Nabii Nathani

Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1993 tunaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Julai mwaka huo, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na mkewe Tunu nyumbani na wanawake wengine njiani. Tulimcheka, tukamchukia, tukangojea kipindi kijacho. Mwishowe akaugua UKIMWI.

Waliouandaa hawakutaka kutuchekesha tu. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi 1995, ili watafiti wapate kuwalinganisha wasikilizaji wa kwingine na watu ambao hawakuusikia. Waliona kwamba mchezo ulikosikika, watu wengi zaidi walizungumza na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na wengine walipunguza idadi ya wapenzi. Habari hii ingefaa itusumbue sisi wahubiri, kwa maana miaka hiyo hiyo wengi wetu tuliutaja ugonjwa huo mimbarani kama adhabu, kisha tukaenda kuzika.

Mahubiri huja Jumapili moja, yakasema "ninyi", yakapita. Mkwaju alikaa nasi miaka. Mke asiyethubutu kumwuliza mumewe habari za safari zake aliweza kusema, redio ikiwa wazi, "Huyu Mkwaju atakuja kumwua mwenzake." Neno lilikuwa limesemwa, na hakuna aliyeshitakiwa. Hapo ndipo tunapousifu mchezo ule bila kigugumizi.

Lakini jina lilitoka redioni likaingia mitaani. Mwanamume mwenye sifa mbaya akaitwa Mkwaju, na kila mmoja alimjua Mkwaju wa jirani. (Wa nyumbani kwake hakumjua.) Aliyekonda ibadani, hata akiwa mke mwaminifu, macho yalimsindikiza mpaka kwenye Meza ya Bwana. Hatusemi mchezo ndio ulioleta unyanyapaa. Ulikuwapo, nasi kanisani tuliulisha. Tunasema kwamba kumkasirikia mtu wa hadithi hakumgharimu msikilizaji kitu, tena kuna utamu wake. Mtu huzima redio akijiona mwema kuliko alivyoiwasha.

Daudi naye alisimuliwa hadithi, ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini, akawaka hasira akatoa hukumu ya kifo. Redio ingeishia hapo. Nathani alikuwa bado amesimama mbele yake, akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Na Daudi alipokiri, alikuwa ni Nathani yule yule aliyemwambia kuwa Bwana ameiondoa dhambi yake. Sehemu hii ya pili tunaisahau tunapoisimulia habari hiyo, na bila hiyo, Sheria huachwa peke yake na mtu hubaki amevuliwa nguo hadharani.

Wanafunzi wetu chuoni siku hizi wanapenda mahubiri yenye kisa cha kuliza watu, kinanda kikipigwa taratibu nyuma yake, kama walivyoona kwenye simu. Tunawauliza: wakishalia, Jumatatu utamtembelea nani? Mmoja alitujibu kwamba usharika anakokwenda una mitaa saba na pikipiki moja, na hiyo pikipiki ni ya mwinjilisti.