Baiskeli ya Trywell: Uhakiki wa Filamu The Boy Who Harnessed the Wind

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii hosteli, Kikoni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Makerere, tukiwa watu sita mbele ya kompyuta mpakato moja. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki kama dakika ishirini. Betri ilikuwa bado na nguvu, hivyo tukaimalizia gizani, na mwenzetu mmoja akasema kwa utani kwamba huyo kijana wa Malawi angetufaa sana hapa Kampala. Tulicheka. Nilipolala, sikuwaza upepo wala mtambo. Niliwaza baiskeli, na makala haya yanahusu baiskeli hiyo.

Kwa ambaye hajaiona, filamu ilitoka mwaka 2019. Mwongozaji ni Chiwetel Ejiofor, ambaye pia aliandika mswada na kuigiza kama Trywell, baba wa mhusika mkuu. Imetokana na kitabu chenye jina hilohilo, cha mwaka 2009, alichokiandika William Kamkwamba pamoja na Bryan Mealer kuhusu maisha ya William mwenyewe. Jina lake kwa Kiswahili ningelifasiri "Mvulana Aliyeutia Upepo Hatamu". William, anayeigizwa na Mkenya Maxwell Simba, anaondolewa shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, anapenya maktabani kwa hila, anasoma kitabu cha nishati, kisha anajenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Wengi wetu tulikisikia kisa hiki sekondari, kabla ya kuiona filamu. Walimu wanakipenda, maana kinafaa sana kwa hotuba ya kufunga muhula.

Ninachokisifu kwanza ni muundo. Filamu imegawanywa sehemu tano, na kila sehemu ina neno la Kichewa: Kufesa, Kulima, Kukolola, Njala, Mphepo. Katika maneno hayo matano, matatu hayamtumi mwanafunzi wa Kiswahili kwenye kamusi. Kulima ni kulima. Njala ni njaa, na kwetu Busoga tunasema endhala. Mphepo ni upepo, na Waganda wana empewo, ambayo ni upepo na ni baridi pia. Kufesa ni kupanda mbegu, kukolola ni kuvuna. Mpangilio wenyewe una hoja ndani yake. Upepo umewekwa mwisho, nyuma ya njaa. Kabla ya kufika huko tunaiona miti ikiuzwa na kukatwa, mvua ikizidi kisha ikikosekana, chifu akipigwa kwenye mkutano wa kisiasa, na Annie, dada yake William, akitoroka na mwalimu ili nyumbani kupungue mtu mmoja wa kulishwa. Mtambo unachelewa mno kutokea, na ni vizuri kwamba unachelewa. Katika vipeperushi vya miradi ya nishati ya vijijini mambo huwa kinyume: paneli iko mbele, inang'aa, na kijiji kiko nyuma yake kama pazia la studio ya picha.

(Katika somo la tafsiri tuliwahi kubishana kipindi kizima kama tuseme nishati jadidifu, nishati mbadala au nishati endelevu. Mimi nilikuwa upande wa jadidifu, kwa makelele. Nilipokwenda likizo nikalijaribu neno hilo kwa mjomba wangu, ambaye Kiswahili alikijua jeshini. Aliniuliza kama ni dawa. Nilipomwambia ni jua, maji na upepo, akasema, "Sasa si useme hivyo.")

Sasa baiskeli. William ametengeneza kinu kidogo cha majaribio na kimeiwasha redio. Ili ajenge kikubwa anahitaji baiskeli ya baba yake, wala si kuiazima, bali kuifungua na kuikata. Hakuna baiskeli nyingine kijijini, na katika nyumba ile ni mali ya mwisho. Trywell anakivunja kile kinu kidogo na kumrudisha mwanawe shambani kwa jembe, kwenye udongo mkavu. Pale hosteli, watatu kati yetu walimtukana Trywell kwa sauti. Mimi nilinyamaza, na sababu nitaieleza.

Mhakiki mwenye haraka ataandika kwamba hapa pana mgogoro wa ujinga na elimu, au wa kale na usasa. Sioni hivyo. Trywell anapiga hesabu, na kwa ushahidi alio nao hesabu yake ni sahihi. Familia imebaki na mlo mmoja kwa siku. Mtoto wa shule, tena aliyefukuzwa shule, anaomba kitu ambacho kikishakatwa hakirudi. Mwenye baiskeli mbili anaweza kufanya majaribio, lakini mwenye moja anacheza kamari. Tena anayebadilisha mambo si William na sayansi yake. Ni Agnes, mama yake, aliyeigizwa na Aïssa Maïga, ambaye anamkabili mumewe kwa utulivu unaotisha kuliko kelele. Ejiofor kama mwigizaji yuko juu sana hapa. Mabega yake yanashuka kabla hajasema neno, na mtazamaji anaelewa kwamba baiskeli imekwisha kutolewa.

Baada ya hapo ndipo filamu inaponipoteza. Mnara unajengwa, mapangaji yanazunguka, maji yanatoka kisimani, shamba linaota, watu wanashangilia. Yote yanakwenda kasi mno. Kitabu kinasimulia jambo dogo zaidi na, kwangu mimi, gumu zaidi: kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa, na majirani wakaja kuchajisha simu. Hakikumaliza njaa. Mwaka 2007 alialikwa kwenye mkutano wa TED uliofanyika Arusha, watu wenye uwezo wakamsikia, na misaada ikaanza kumfikia. Maji safi ya kunywa yalipofika kijijini kwao, yalivutwa na pampu ya nguvu ya jua. Kwa hiyo kati ya taa na maji ya kunywa kuna miaka, na kuna fedha za watu wengine. Filamu imeikunja miaka hiyo ikaitia mfukoni.

Mwenzangu mmoja, tuliyebishana naye sana, anasema filamu si ripoti, na msanii ana ruhusa ya kufupisha. Nakubali ana ruhusa. Ninachouliza ni kilichofupishwa ni nini. Angeweza kufupisha mapenzi ya Annie na mwalimu. Amefupisha gharama. Filamu iliyotumia zaidi ya saa nzima kutuonyesha kwamba kila kitu kina bei inatuletea maji mwishoni kana kwamba hayana bei tena, ukiitoa ile baiskeli.

Hapa natoka kidogo Malawi. Kijiji chetu kiko wilaya ya Kamuli, si mbali na Nile. Mwezi Machi 2019, ambapo filamu hii ilianza kuonyeshwa Netflix, ndipo pia bwawa la Isimba la megawati 183 lilipozinduliwa, kati ya Kamuli na Kayunga. Bibi yangu, jjajja kama tunavyomwita, alikuwa msichana mdogo Malkia Elizabeth alipokuja Jinja mwaka 1954 kufungua bwawa la Owen Falls. Ameishi maisha yake yote karibu na mto unaotoa umeme, na waya wa umeme haujaingia nyumbani kwake hata leo.

Alichoingiza ni jua. Alimuuza mbuzi akatoa malipo ya kwanza ya paneli ndogo, betri, taa tatu na chaja ya simu, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Zilizobaki analipa kwa simu, shilingi 1,500 kila siku, kwa miaka miwili. Faida zipo na sitazikana: moshi wa tadooba umekwisha ndani, na simu haipelekwi tena senta kuchajishwa kwa mia tano. Lakini msimu mmoja mahindi yalikataa, malipo yakakatika, na taa zikajifunga zenyewe. Mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo, kwa Kiingereza. Zilikaa wiki tano bila kuwaka, na binamu yangu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba akarudi kwenye tadooba. Jjajja alisema, "Mbuzi wangu alikula majani ya bure. Hii taa inakula pesa kila siku, na ikilala njaa inafumba macho."

Haya hayakunikasirisha. Kilichonikasirisha kilitokea baadaye. Serikali ina mpango wa umwagiliaji kwa wakulima wadogo ambao kwao mkulima hupata pampu, na nyingine ni za jua, kwa kuchangia sehemu ya gharama. Sehemu nyingine hulipa serikali. Shamba la jjajja lina kijito chini yake, na tatizo ni moja tu, maji hayapandi mlima. Nilipiga simu kutoka Kampala nikamwambia auze ng'ombe wake atoe mchango. Alikataa. Nilimwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake. Jirani yake alikubali, na sasa anauza nyanya Januari, wakati wengine wote mashamba yao ni vumbi.

Ndiyo maana sikumtukana Trywell. Matokeo yanaonyesha kwamba jjajja alikosea, kama Trywell angekosea kama asingeitoa baiskeli. Hesabu yao ilikuwa nzuri wote wawili. Jirani yule ana ng'ombe wanne. Jjajja ana mmoja, na huyo mmoja ndiye karo, ndiye hospitali, ndiye mazishi. Katika nyumba ya Trywell alikuwepo Agnes wa kuzungumza kwa utulivu. Kwa jjajja alikuwepo mimi, napiga kelele kwenye simu. Filamu ilinifundisha hilo katika onyesho moja, na kwa onyesho hilo naiweka juu ya maandishi mengi niliyosoma darasani kuhusu maendeleo ya vijiji. Kisha ikajaribu kunisahaulisha kwa shangwe ya mwisho.

Likizo ya Krismasi niliipakua kwenye simu nikaenda nayo Kamuli. Tuliitazama jioni, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, chini ya taa za jua, ambazo zilikuwa zimelipiwa. Nilikuwa VJ wake, kama wale wa vibanda vya video hapa Kampala wanaofasiri filamu za kigeni kwa Kiganda huku zikiendelea, ila mimi nilitumia Kisoga na sikuwa na vichekesho vyao. Neno Njala lilipotokea aliniashiria ninyamaze. Alikuwa amelisoma mwenyewe. Kwenye onyesho la baiskeli hakusema kitu. Alikaza kanga kiunoni tu.

Mwishoni, watu wa Malawi wakishangilia na mahindi yakiota, aliniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasogeza uso karibu na kioo, akautazama mnara mpaka juu, akaweka kidole.

"Baiskeli yake ndiyo ile kule juu," akasema. "Sasa wakivuna, mahindi atayapelekaje mashineni?"